Vipande Visivyorudi Mezani

4 Machi

Kwa Jirani,

Nisamehe mwanangu, sijui jina ulilopewa na wazazi wako. Binti yangu alikuita Jirani kwa sababu meza zenu zilipakana, na hapa nyumbani tulikujua hivyo hivyo, kama mtu wa ukoo. Wewe ndiye uliyeimwagia chai kibodi ya mkuu wenu ukaisingizia feni. Anwani ya ofisi nimeitoa kwenye bahasha ya rambirambi. Ahsanteni kwa ile kadi. Niliisoma nikaiweka, kisha nikaichukua nikaisoma tena.

Naandika barua kwa kuwa simu hainifai. Miaka niliyokaa kiwandani katikati ya cherehani za umeme ilinila masikio. Nikipigiwa simu nasikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Barua naisikia vizuri.

Jambo lenyewe ni hili. Chumbani mwake, juu ya meza, kuna kile kisanduku chake cha kazi na skrini ndogo kando yake. Bado kinafanya kazi. Alikwenda hospitali akakiacha kinawaka, hakurudi, na chenyewe hakijapata habari. Taa yake ya kijani inapepesa. Nikiweka kiganja mezani nasikia mtetemo mdogo, kama wa paka aliyelala.

Dada yangu mkubwa, aliyekuja kunikalia tangu msiba, anasema kizimwe. Anasema nalipia umeme wa mashine isiyosaga wala kukoboa. Anasema pia kwamba kitu cha marehemu kipumzike kama mwenyewe alivyopumzika. La umeme ana haki nalo. La pili sijui.

Nimesimama mlangoni mara nyingi nikitaka kukizima na mkono haukubali. Basi nakuuliza wewe uliyeijua kazi yake. Ni kitu gani kile, na nikizime au nikiache?

Baba yake


12 Machi

Shikamoo Baba,

Tafadhali usikizime.

Nimeanza na hilo ili hata kama barua hii utaisoma nusu, nusu hiyo iwe imefika. Nilipoona mwandiko kwenye bahasha nilidhani ni wake, jinsi mnavyofanana kupinda herufi. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Nakueleza kilivyo. Kompyuta ikiwashwa, kuna programu kubwa inayoamka kwanza na kuzisimamia nyingine zote. Huo ndio mfumo endeshi. Ndani yake kuna kiini, na sisi kazi yetu ni kiini. Visanduku kama hicho chako viko kwenye zahanati nyingi, vikichunga majokofu ya dawa na chanjo. Jokofu likipata joto, kisanduku kinapiga kelele. Ila baada ya wiki kadhaa baadhi yao huganda. Hawazimiki wala hawalii, wanakaa tu na taa yao ya kijani kama mlinzi aliyelala macho wazi. Dawa zinaharibika na hakuna anayejua. (Samahani, naviita "wao". Tumeishi navyo sana.)

Sababu tunaijua nusu. Kila kazi ndani ya kiini inaazima kipande cha memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi, na ikimaliza inakirudisha. Mahali fulani kuna mwazimaji asiyerudisha; huko sisi tunaita kuvuja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa, kiini hakina pa kuweka mguu. Nani asiyerudisha, na lini, hatujui. Hapa ofisini tumeviwasha visanduku safu nzima na havivuji hata kimoja. Tunavitazama, navyo vinatutazama.

Binti yako alikuwa anakifuatilia kitu hiki hata alipoanza kuugua. Ndiyo maana alikibeba kimoja nyumbani. Huo waya mwembamba uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji ni kipima joto, na glasi ndiyo jokofu lake la kuigiza. Hapa tulimwita Mchwa, sijui kama aliwaambia. Mchwa hana makelele. Anaingia kwenye boriti upande huu, na siku moja unamwona ametokea upande wa pili.

Sasa la kuumiza. Mkuu wetu wa kitengo si mtu mbaya, amechoka tu kupokea lawama. Anasema uvujaji lazima uwe katika sehemu aliyoiandika Mchwa, ile ya kusoma vipimo vya joto, kwa kuwa kwingine tumeshapekua. Usipopatikana kufikia mwisho wa Aprili, sehemu yake yote itang'olewa na kuwekwa nyingine ya kununua. Kazi yake yote, Baba. Mimi nimeomba nafasi ya kutafuta, nimepewa kwa shingo upande.

Kisanduku chako hakijawahi kuzimwa tangu akiwashe. Skrini inaandika yenyewe kila saa ni vipande vingapi vimeazimwa, kwa ukubwa wake. Naomba unakili mistari hiyo unitumie. Lakini usiguse kitu kingine chochote, si waya, si kitufe, si glasi. Hata vumbi usipanguse.

Ni mimi,
Jirani


20 Machi

Kwa Jirani, mwanangu,

Marahaba. Nimekisoma ulichoeleza mara kadhaa na nadhani nimeelewa kwa namna yangu. Tulikuwa na meza moja ndefu ya kukatia kule kiwandani, mafundi wengi. Kila mtu alitandaza kitambaa chake, akakata, akaondoka, meza ikabaki tupu kwa anayefuata. Kukiwa na mmoja anayekata na kuacha mabaki yake pale, leo kipande, kesho kipande, hakuna anayemwona. Ila siku inafika meza haina nafasi, wote wamesimama na makasi mkononi. Kama sivyo, nisahihishe.

La Mchwa hakutuambia. Dada yangu amekasirika. Anauliza ni watu gani hao wanaomwita mtoto wa watu mdudu anayekula nyumba. Mimi nilicheka, na kicheko kikanishtua, nikakaa chini. Mnamjua vizuri. Alipokuwa mdogo alifumua koti la mteja, koti la harusi, ili aone bitana inashikwa na nini. Nilimkuta katikati ya vipande, uzi kichwani, hana wasiwasi hata kidogo. Aliniambia, "Baba, usinipige kwanza, nimeshaona lilipokosewa." Na kweli bega moja lilikuwa limekosewa, nami ndiye niliyelikosea.

Mistari nimeinakili kwenye karatasi hizi, upande mmoja mmoja ili usichanganyikiwe. Pale ambapo herufi ilikuwa ngeni kwangu nimeichora kama nilivyoiona. Naingia, nanakili, natoka. Sigusi kitu.

Ukiniambia wanang'oa sehemu yake, ni nini hasa kinachobaki? Nauliza tu.

Baba yake


28 Machi

Shikamoo Baba,

Umeelewa vizuri kabisa, na ile meza yako nimeshaiiba. Nilimweleza kijana mgeni hapa jana kwa meza ya mafundi na akaelewa kuliko siku zote nilipomchorea visanduku na mishale.

Umeuliza kinachobaki. Nimekaa na swali hilo. Kikweli, hakibaki kitu. Sehemu ikiondolewa, mistari yake haitembei tena popote. Leo hii kila zahanati inaposoma joto la jokofu, ni yeye anayesoma. Siwezi kukwambia vinginevyo.

Sasa habari. Kisanduku chako kinavuja! Nimepanga karatasi zako sakafuni sebuleni, nikapita juu yake kwa magoti, mume wangu akauliza kama nimeanza kushona. Vipande vya ukubwa mmoja vinaongezeka na havirudi. Shida ni kwamba ukubwa huo unaazimwa na sehemu nyingi za kiini, siyo yake peke yake, kwa hiyo bado sijui mwenye kosa. Lakini kuna kitu cha ajabu. Haviongezeki siku nzima. Vinapanda asubuhi, kwa mkupuo, kisha vinatulia mpaka asubuhi ya pili. Kama ngazi.

Kuna nini hapo asubuhi, Baba? Umeme unacheza? Jua linapiga mezani? Kuna mashine ya jirani inayowashwa? Hata jambo dogo. Nikilijua hilo, nitaweza kulifanya hapa ofisini na kumshika mwazimaji wetu.

Nisamehe mwandiko. Pacha wangu wanaota meno kwa zamu, mmoja akilala mwenzake anaingia kazini.

Jirani


1 Aprili

Kwa Mzazi wa marehemu mfanyakazi mwenzetu,

YAH: KUREJESHWA KWA KIFAA CHA KAZI

Tunarudia kukupa pole kwa msiba mzito. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa kifaa kimoja cha majaribio kipo nyumbani kwako. Dereva wetu atapita kukichukua tarehe 29 Aprili. Tafadhali kiwe kimezimwa na kufungashwa ifikapo siku hiyo.

Tunakushukuru kwa ushirikiano.

Mkuu wa Kitengo


7 Aprili

Kwa Jirani,

Asubuhi hapatokei kitu. Umeme ni wa kawaida. Dirisha lipo upande wa kivuli. Majirani hawana mashine.

Mkuu wenu ameniandikia kwamba dereva anakuja kukichukua kisanduku. Barua yake imepigwa chapa vizuri. Dada yangu anasema ndiyo hivyo, mali ya watu ni ya watu.

Nimenakili mistari ya wiki hii. Sijui kama inafaa kitu. Mimi sijaingia humo zaidi ya kunakili, kama ulivyosema.

Baba yake


14 Aprili

Baba, shikamoo,

Imesimama. Karatasi zako za mwisho hazina ngazi. Tangu barua yangu ikufikie, mstari umelala kama wa visanduku vyetu hapa. Mkuu ameziona akasema, "Unaona? Ni mzee wa watu alikosea kunakili." Nikamwambia mwandiko ule haukosei. Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ilinikata maini kuliko angenifokea.

Nimepekua mistari ya Mchwa kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu. Naisoma mpaka naiota. Kila anachoazima anakirudisha. Ni safi, Baba. Inachosha kusoma kitu kisafi ukitafuta uchafu.

Sikulaumu kwa lolote. Nataka uelewe hivyo kabla hujasoma mstari unaofuata. Kuna kitu kilikuwa kinafanyika chumbani humo kila asubuhi, na sasa hakifanyiki. Hata kama ulikuwa unacheza ngoma humo ndani, niambie. Hata kama ni jambo la aibu. Zimebaki wiki mbili na mimi sina tena pa kutafuta.

Jirani


19 Aprili

Kwa Jirani, mwanangu,

Kuna ile methali ya mficha maradhi. Sitaiandika, unaijua, na nyumba hii imeshaiona ikitimia.

Nilikuwa nabadilisha maji.

Siku aliyoondoka kwenda hospitali, gari lipo nje, shangazi yake ameshika mkoba, yeye alisimama mlangoni pa chumba akiwa amejishikilia fremu. Nilidhani ataniambia jambo la kuagana. Aliniambia, "Baba, unibadilishie maji ya glasi kila asubuhi, yakikaa yanafanya utelezi." Nikamwambia sawa. Aliniambia tena gari likiwa limeshawashwa, akaonyesha kwa mkono kama mtu anayemimina, kwa kuwa anajua masikio yangu. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia akiwa amesimama kwa miguu yake. Hospitalini hatukuongea sana.

Basi nikayabadilisha. Msiba ukapita nikaendelea. Dada yangu aliona akanyamaza, na kwake kunyamaza ni kazi. Wewe uliponiandikia nisiguse glasi nilisoma, nikaielewa, na kesho yake asubuhi nikaingia nikayabadilisha. Nilijiambia Jirani hajui kwamba mwenye kisanduku alishaniagiza. Nikakuandikia kwamba sigusi kitu. Ulipouliza kuna nini asubuhi, nikajua kwamba nimekiharibu. Niliacha siku hiyo hiyo. Nilinyamaza nikidhani nikiacha kitapona, na wewe hutajua kwamba baba mtu ndiye aliyeichafua kazi ya mwanawe.

Maji sasa yamefanya utelezi kama alivyosema.

Nakueleza ninavyofanya, maana pengine inahitajika. Ncha ya ule waya ameifunga kwa uzi kwenye glasi, fundo lake mwenyewe, sikutaka kulifungua. Kwa hiyo nachomoa waya upande wa kisanduku, naenda jikoni na glasi na waya wake ukiburuzika. Namwaga, naosha, natia maji mapya. Nikiwa huko dada yangu hunipa chai, hukaa tukaongea, au hukaa tusiongee. Kisha narudi nachomeka.

Kama hapo ndipo nilipokosea, waambie ni mimi. Wasing'oe kazi yake kwa ajili ya maji yangu.

Baba yake


25 Aprili

Baba yangu, shikamoo,

Barua yako niliisoma nimesimama. Sikuketi hata kuketi. Nilikwenda kwenye safu ya visanduku, nikabandua gundi nikauchomoa waya wa kipima joto kwenye kile cha kwanza, nikasubiri. Mstari ukapanda. Nikachomeka, ukatulia. Nikachomoa cha pili, ukapanda. Mkuu alitoka ofisini kwake kuuliza ni nani anapiga meza. Ni mimi nilikuwa napiga meza.

Hukuharibu kitu. Sikiliza. Waya ukiwa mahali pake, kila kitu kinakwenda sawa, kinaazimwa na kurudishwa. Waya ukichomolewa, kiini kinajaribu kusoma, kinashindwa, kinajaribu tena, na kila kinaposhindwa kinaacha kipande kimoja mezani. Sisi hapa hatukuwahi kuchomoa. Nyaya zao tulizibana kwa gundi kabisa ili majaribio yawe mazuri! Lakini kwenye zahanati wauguzi wanachomoa kila wanapopangusa jokofu. Nimepiga simu kwa mmoja, akaniambia, "Dada, tunachomoa ndiyo, ungetaka tuulowanishe waya?" Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kurekebisha kumekuwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu, Baba. Mkuu amekubali sehemu ya Mchwa ibaki pale ilipo, haing'olewi. Alisema hivyo mbele ya watu wote.

Tuna desturi yetu. Kila rekebisho likiingia kwenye kiini, chini yake tunaandika majina: aliyeliona tatizo, aliyelirekebisha, na rekebisho hilo linanyoosha kazi ya nani. Yanakaa humo daima, na yeyote duniani anayefungua anayasoma. Kwenye aliyeliona tatizo nimekuandika wewe. Kwenye aliyerekebisha ni mimi. Ile ya tatu nimeiacha wazi, ni makosa ya kawaida tu ambayo yeyote angeweza kuyafanya.

Dereva atakuja kama alivyopangiwa. Sasa unaweza kukizima.

Jirani


30 Aprili

Kwa Jirani,

Dereva alikuja jana. Ni mtu mpole, alivua viatu bila kuambiwa. Dada yangu ndiye aliyekizima, yule yule aliyedai kizimwe. Taa ilipozimika alibaki na kidole kwenye kitufe, akalia mpaka dereva akaona aibu akatoka nje kuangalia matairi. Mimi nilifungasha. Waya niliukunja kwa mkono.

Nimefurahi kwa habari zako, usidhani vinginevyo. Furaha inanijia polepole siku hizi, kama mgeni anayetembea kwa fimbo, lakini imefika.

Nina swali moja. Mimi si mtu wa shule nyingi, ila kwa miaka nimekagua nguo za watu, na jicho huenda pale palipofichwa. Ulitaja nafasi tatu za majina, mbili ukazijaza. Kama makosa ni ya yeyote, ungeandika huyo yeyote. Ile nafasi ya tatu umeiacha wazi kwa ajili ya nani?

Baba yake


7 Mei

Shikamoo Baba,

Ni yeye.

Mkuu alikuwa sahihi kuhusu mahali, na mimi nilikuwa sahihi kwamba hapastahili kung'olewa. Yote mawili ni kweli na nimechoka nayo yote mawili. Katika mistari ya Mchwa kuna njia mbili. Kipimo kikisomeka, kazi inapita njia ya kwanza, na huko anarudisha kila kitu, safi, kama nilivyokwambia. Kisiposomeka, inapita njia ya pili, fupi, ya kutokea haraka. Huko hakurudisha. Nilikuwa nimeipita njia hiyo mara nyingi na macho yangu hayakuiona, kwa sababu nilikuwa nasoma nikitaka asiwe yeye.

Nadhani alikuwa ameanza kukisogelea. Labda alikuagiza yale maji akijua kwamba kwa fundo lake utalazimika kuuchomoa waya, au alikuagiza kwa sababu ya utelezi tu. Sitajua, na sitaki kujidanganya.

Nilizungumza na mkuu. Amekubali jina liachwe. Alisema, "Marehemu hasutwi." Rekebisho halijaingia bado, linasubiri mimi niseme neno. Nilitaka likifunguliwa na watu wasiomjua, wasimwone pale kama mkosaji. Hilo tu ndilo nililoweza kumfanyia, Baba, na nikalifanya nyuma ya mgongo wako. Nisamehe.

Jirani


14 Mei

Kwa Jirani, mwanangu,

Hapa hakuna wa kusamehewa. Ulimfunika mwenzio kwa kanga yako. Mtu wa namna hiyo huletewa shukrani.

Lakini ngoja nikueleze jinsi nilivyompata mama yake.

Kiwandani mimi nilikaa meza ya marekebisho. Mashati yaliyokataliwa yalikuja kwangu nifumue na kushona upya. Ndani ya kila shati kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya aliyelishona. Kulikuwa na namba moja ambayo kola zake zilipinda kidogo kushoto, siku zote kushoto. Mwenye namba sijapata kumwona, ukumbi ulikuwa mkubwa. Ila nilimjua. Nilijua siku amechoka, kola ilipinda zaidi. Nilijua siku amefurahi, mishono inakimbia. Kuna wiki hazikuja kola zilizopinda na nikakosa raha, nikatoka mezani kwangu nikaenda kuuliza mwenye namba hii yuko wapi, anaumwa? Wanawake wa mstari ule walinicheka mpaka msimamizi akaja. Alikuwa amekaa pale pale, mzima kabisa, amejifunza tu kunyoosha. Aliniuliza, "Kwani wewe ni nani wa kukagua kola zangu?" Nikamwambia za zamani zilikuwa nzuri zaidi. Binti yetu alizaliwa kutokana na jibu hilo la kijinga.

Mama yake alitangulia zamani. Mashati aliyoyashona vizuri siyajui yalikwenda kwa nani. Zile kola ninazo kichwani, moja moja.

Kwa hiyo mwandike. Andika jina lake lote, na la ukoo, pale mnapoandika kazi iliyonyooshwa ni ya nani. Umeniambia mwenyewe kwamba yeyote duniani akifungua atasoma. Kazi yake nyingine yote inakwenda kimya, na kitu kinachokwenda kimya hakuna anayeuliza mwenyewe ni nani. Hapa patakuwa na mahali pamoja ambapo mtu atasimama na kusoma kwamba alikuwepo, aliwaza hivi, alisahau hivi, na mwenzake akaja akamalizia. Mtu hakosei mahali ambapo hakufanya kazi. Na mimi nikae hapo juu yake, umesema majina yanapangwa pamoja. Itakuwa mara ya kwanza baba na mwana kuandikwa karatasi moja tangu cheti cha kuzaliwa.

Mwambie mkuu wenu sijamchukia. Wapige busu pacha wako, meno yakiisha kutoka watakuja kuuma kitu kingine.

Dada yangu anarudi kwake wiki ijayo. Chumba tumekifagia, dirisha lipo wazi, meza ni tupu. Sina tena mistari ya kukunakilia, na najua una kazi nyingi na watoto wawili. Sikuombi uandike mara kwa mara. Ila ukiwa umekaa mezani kwako na ile meza ya pili ipo kando, tukumbuke, yeye na mimi.

Baba yake